Ukikaribia Shimo Jeusi Linalozunguka: Mwongozo kwa Wasomaji wa Kasongo na Kabambare

Kiangazi kikishika kusini mwa Maniema, mvua ikakatika na mawingu yakaondoka, toka uani baada ya sala ya isha, zima tochi, kisha inua macho upande wa kusini. Utaona utepe mweupe umekatiza anga: hiyo ndiyo Njia Nyeupe. Pale unapovimba na kung'aa kuliko kwingine ndipo ulipo moyo wa galaksi yetu, na ndani ya moyo huo kuna shimo jeusi lenye uzito wa majua zaidi ya milioni 4. Mtu wa London au Paris huliona eneo hilo chini kabisa, karibu na mapaa ya nyumba. Wewe wa Kasongo au Kabambare unaliona karibu na utosi.

Makala hii inajibu swali ambalo wanafunzi huwauliza walimu wao na mara nyingi hawapati jibu: mtu akikaribia shimo jeusi linalozunguka, akaingia mpaka karibu na kitovu chake, macho yake yataona nini? Jibu kwa ufupi ni hili: kitovu chenyewe si kitu ambacho hesabu zetu zinaweza kukichora. Anachokiona msafiri ni nuru iliyotoka nje, iliyopindwa, ikaburutwa na kukusanywa mpaka ikawa ngeni machoni. Jibu refu linafuata hapa chini, pamoja na maelekezo ya kulitafuta eneo hilo angani bila chombo chochote.

MANENO MANNE YA KUANZIA

Shimo jeusi ni mahali ambapo vitu vingi mno vimebanwa katika nafasi ndogo mno, hata mvutano wake hauruhusu nuru kutoka. Nuru ndiyo yenye mbio kuliko vitu vyote, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ikishindwa yenyewe kutoka, hakuna kingine kitakachotoka.

Mpaka wa kutorudi ni mstari unaozunguka shimo hilo. Nje yake unaweza bado kugeuza na kuondoka. Ndani yake huwezi tena. Hakuna ukuta hapo wala alama yoyote.

Singulariti ni jina la mahali ndani kabisa ambapo hesabu za mwanafizikia Albert Einstein zinatoa majibu yasiyo na kikomo: mvutano usio na kikomo, msongamano usio na kikomo. Hesabu ikifika hapo imetuambia jambo moja tu, kwamba yenyewe imefika mwisho wa uwezo wake.

Mzunguko ni hali ya kawaida ya mashimo haya. Nyota huzunguka, na nyota kubwa ikifa na kuporomokea ndani yake huendelea kuzunguka, tena kwa kasi zaidi. Mwaka 1963 Roy Kerr, mtaalamu wa hesabu kutoka New Zealand, alipata hesabu inayoeleza shimo jeusi linalozunguka. Katika hesabu yake singulariti si nukta. Ni duara jembamba, kama bangili.

Ili kuelewa mvutano huu, fikiria mto. Anayeijua Lualaba anajua kwamba maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Karibu na Kongolo mto unabanwa kwenye korongo linaloitwa kwa Kifaransa Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu. Mwenye mtumbwi aliye mbali na korongo anapiga kasia na kurudi alikotoka. Akikaribia, mkondo unazidi nguvu. Ipo sehemu ambapo mwendo wa maji unazidi mwendo wa kasia, na kuanzia hapo hata mpiga kasia hodari anakwenda mbele tu. Hapo maji hayajabadilika rangi, wala hakuna kamba iliyofungwa kuvuka mto. Mpaka wa kutorudi wa shimo jeusi uko hivyo. Na shimo linalozunguka ni kama mahali ambapo maji, pamoja na kushuka kwa kasi, yanazunguka: yanakuvuta ndani na kukupeleka pembeni kwa wakati mmoja.

TUNAJUAJE KWAMBA HAYA NI KWELI?

Msomaji makini hapokei habari kama hizi bila ushahidi. Ushahidi upo, na sehemu yake muhimu imepita katika nchi zetu.

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha kupatwa kwa jua kilipita kaskazini mwa Brazili, kikavuka Bahari ya Atlantiki na kisiwa cha Príncipe, kisha kikakatiza Afrika kupitia Kongo na kuendelea mashariki. Kilipita upande wetu huu wa nchi alasiri. Siku hiyo wataalamu wa Uingereza, Arthur Eddington akiwa Príncipe na wenzake wakiwa Sobral, Brazili, walipiga picha za nyota zilizo karibu na jua lililofichwa. Einstein alikuwa ametabiri kwamba nuru ya nyota ikipita kando ya jua itapinda kidogo, kiasi cha sekunde 1.75 za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Picha zilikubaliana naye, na matokeo yakatangazwa tarehe 6 Novemba mwaka huo. Yote utakayosoma hapa chini kuhusu macho ya msafiri yanasimama juu ya jambo hilo moja: mvutano hupinda nuru. Jua huipinda kidogo mno. Shimo jeusi huikunja hata ikazunguka duara zima.

Ushahidi wa pili una jina la Kiswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 tangu ijitawale, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutazama anga kwa eksirei tu. Ilipoelekezwa kwenye chanzo kiitwacho Cygnus X-1, ilikuta eksirei zake zinabadilika katika muda mfupi kuliko sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi namna hiyo lazima kiwe kidogo sana. Mwaka 1971 na 1972 wataalamu waliokuwa wakitumia darubini za kawaida, Louise Webster na Paul Murdin upande mmoja na Charles Thomas Bolton upande mwingine, walionyesha kwamba hapo kuna nyota kubwa inayozungukana na kitu kizito kisichoonekana. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa majua 21 hivi, na vinaonyesha kwamba linazunguka kwa kasi inayokaribia kikomo kinachoruhusiwa na hesabu ya Kerr. Kwa hiyo shimo linalozunguka, tunalolizungumzia hapa, ni kitu kilichopimwa, na mlango wa kukijua ulifunguliwa kutoka pwani ya Waswahili.

Ushahidi wa tatu ni wa moyo wa galaksi yetu. Kwa miaka mingi makundi mawili, moja la Andrea Ghez na jingine la Reinhard Genzel, yalifuatilia nyota zinazozunguka mahali pasipoonekana kitu. Nyota mojawapo, S2, humaliza mzunguko wake kwa miaka 16 hivi. Kutokana na mwendo wake uzito wa kitu hicho ulijulikana, na mwaka 2020 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Roger Penrose, aliyethibitisha kwa hesabu kwamba mashimo meusi ni matokeo ya lazima ya nadharia ya Einstein.

Kisha zikaja picha. Tarehe 10 Aprili 2019 ilitolewa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87. Tarehe 12 Mei 2022 ikatolewa ya shimo la galaksi yetu, liitwalo Sagittarius A*. Duara la mwanga linaloonekana katika picha hiyo, likitazamwa kutoka duniani, ni dogo kama andazi lililowekwa juu ya uso wa mwezi. Ili kuliona, darubini za redio za mabara mbalimbali ziliunganishwa zikafanya kazi kama darubini moja yenye upana wa dunia.

SAFARI, HATUA KWA HATUA

Kwanza chagua shimo. Ukienda Cygnus X-1 hutaufikia hata mpaka wa kutorudi ukiwa hai. Shimo hilo ni dogo, kwa hiyo tofauti ya mvutano kati ya miguu na kichwa ni kubwa mno: ungeraruliwa na nguvu inayozidi uzito wako mara milioni kadhaa. Katika Sagittarius A* mambo ni kinyume. Mpaka wake uko mbali sana na kitovu, kiasi cha kilomita milioni 12 tukihesabu kama halizunguki, na hapo tofauti ya mvutano kwenye mwili ni ndogo hata huihisi. Mashimo makubwa ndiyo yanayompa msafiri nafasi ya kuona. Basi safari yetu iwe huko.

Hatua ya kwanza: ungali mbali. Unaona doa jeusi, na kulizunguka nyota zimehama kutoka mahali pake. Nuru ya nyota iliyo nyuma ya shimo inapinda pande zote mbili na kukufikia mara mbili, kwa hiyo nyota moja inaonekana mbili. Doa lenyewe ni pana kuliko shimo, kiasi cha mara mbili na nusu kama shimo halizunguki, kwa sababu miali inayopita karibu mno nayo inamezwa.

Hatua ya pili: gesi inayong'aa. Gesi inayozunguka shimo inachemka kwa msuguano na kutoa mwanga. Upande unaokujia unang'aa zaidi, na upande unaokukimbia unafifia. Utauona pia upande wa nyuma wa gesi hiyo ukiwa umeinuka juu ya doa na kuteremka chini yake, maana nuru yake imepinda juu na chini ikakufikia. Kama shimo linazunguka kwa kasi na wewe unalitazama kwa ubavu, doa halitakuwa duara kamili: upande mmoja unabanwa, unakuwa kama bapa.

Hatua ya tatu: nuru inayozunguka. Karibu zaidi kuna njia ambapo nuru inaweza kulizunguka shimo kama mwezi unavyoizunguka dunia. Ukiwa hapo na ukatazama mbele, nuru iliyotoka kisogoni kwako inaweza kuzunguka na kuingia machoni mwako. Katika shimo linalozunguka, nuru inayofuata mzunguko huweza kukaribia sana, na ile inayokwenda kinyume hulazimika kukaa mbali zaidi.

Hatua ya nne: ukanda wa kuburutwa. Hapa shimo linalozunguka linatengana kabisa na lile lililotulia. Kabla ya mpaka wa kutorudi kuna ukanda ambamo hakuna kitu kinachoweza kusimama mahali pamoja. Hata ukiwa na injini yenye nguvu kiasi gani, utapelekwa upande ule linakozunguka shimo. Anga lenyewe linaburutwa, nawe umo ndani yake. Bado unaweza kutoka. Penrose alionyesha mwaka 1969 kwamba kitu kinachoingia ukanda huu na kugawanyika vipande viwili kinaweza kurusha kipande kimoja nje kikiwa na nishati nyingi kuliko ile kilichoingia nayo. Nishati ya ziada inatoka katika mzunguko wa shimo.

Hatua ya tano: mpaka wa kutorudi. Unauvuka, na hakuna kengele inayolia. Hakuna giza la ghafla. Watu wengi hudhani kwamba hapo macho yatazibwa, na sivyo. Nuru ya nje inaendelea kukufuata na kukupata, na nyuma yako bado unaziona nyota. Weusi ulio mbele umekua, ila haujalifunika anga lote. Kilichobadilika ni kimoja: ujumbe wako hautafika tena kwa mtu yeyote aliye nje.

Hatua ya sita: kati ya mipaka miwili. Shimo linalozunguka lina mpaka wa nje na mwingine wa ndani. Katikati yake, kwenda ndani si uamuzi tena. Kama vile hapa duniani huwezi kukataa kuingia kesho, humo huwezi kukataa kuingia ndani zaidi. Muda nao si mrefu. Kwa shimo lisilozunguka lenye uzito wa Sagittarius A*, kutoka mpaka wa nje hadi mwisho msafiri hapati zaidi ya dakika moja na sekunde chache kwa saa ya mkononi mwake.

Hatua ya saba: mpaka wa ndani. Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote ya safari. Kwa hesabu safi ya Kerr, msafiri anayeufikia mpaka huu akitazama nyuma angeona historia yote ijayo ya ulimwengu wa nje ikimfikia kwa kitambo kimoja: nyota zikizaliwa na kufa, galaksi zikigongana, yote katika kufumba na kufumbua. Lakini nuru inayobanwa hivyo inapandishwa nguvu. Nuru ya kawaida inageuka eksirei, kisha inazidi na kuzidi bila kikomo. Penrose aliliona tatizo hili mwaka 1968, na mwaka 1990 Eric Poisson na Werner Israel walionyesha kwamba mrundikano huo wa nishati huvuruga shimo lenyewe kwa ndani. Mpaka wa ndani hauwezi kubaki shwari kama hesabu safi inavyouchora.

KARIBU NA SINGULARITI

Tuseme, kwa ajili ya kujifunza tu, kwamba mpaka wa ndani umekuacha salama na hesabu ya Kerr inaendelea kufanya kazi. Nini kingeonekana?

Hesabu inasema mambo matatu. La kwanza, bangili ya singulariti haikuvuti kama ulivyozoea. Karibu nayo msafiri anasukumwa, na ni yule tu anayekuja sawasawa na bapa la mzunguko wake anayeweza kuigonga. Wengine wote wanapita kando. La pili, katikati ya bangili kuna uwazi, na ukitazama kupitia uwazi huo ungeona anga jingine, lisilo letu. La tatu, tofauti na shimo lisilozunguka, ambako singulariti iko mbele yako kama siku ya kesho na kwa hiyo huwezi kuiona kabla haijakufika, katika shimo linalozunguka bangili iko kando yako, na nuru kutoka kwake inaweza kukufikia.

Hapo ndipo uaminifu unapotakiwa. Nuru hiyo ingekuwa na rangi gani? Ingebeba sura gani? Hesabu haina jibu, kwa sababu singulariti ni mahali ambapo sheria tunazozijua zinakoma, na sheria zikikoma hakuna wa kusema nini kitatoka humo. Tena eneo hilo lipo nyuma ya mpaka wa ndani, ambao tumeona kwamba hautulii. Wanafizikia wanaamini kwamba ili kulifahamu itahitajika nadharia inayounganisha mvutano na fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa.

Kwa hiyo mwalimu akiulizwa darasani, "Ukifika karibu na singulariti utaona nini?", ajibu hivi bila haya: hadi kufika mpaka wa ndani tunaweza kuhesabu; hapo nishati inayorundikana huenda ikamaliza safari; na picha yoyote ya kilicho zaidi ya hapo ni picha ya hesabu isiyo na hakika ya kuueleza ulimwengu wa kweli.

WALIOBAKI NJE WANAONA NINI?

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare kuja Kasongo na Nyangwe. Barua iliyotoka huku kwenda Zanzibar ilichukua miezi. Aliyeipokea pwani alikuwa anasoma habari za zamani.

Nuru nayo ni barua. Ile tunayoipokea leo kutoka moyo wa galaksi iliondoka huko zaidi ya miaka 26,000 iliyopita. Sasa chukulia kwamba msafiri anayeelekea shimo jeusi anawaandikia nduguze barua moja kila dakika kwa saa yake. Za mwanzo zinafika kwa mpangilio. Kadiri anavyokaribia mpaka, zinachelewa: moja baada ya saa, nyingine baada ya siku, nyingine baada ya miaka. Wino wake nao unafifia na kuwa mwekundu. Barua aliyoiandika sawasawa kwenye mpaka haifiki kamwe. Nduguze wanabaki wakimwona kama aliyeganda, akififia mpaka hawamwoni tena. Yeye kwa saa yake ameshavuka zamani. Pande zote mbili zinasema kweli, na hapo ndipo nadharia ya Einstein inapotufundisha kwamba wakati si mmoja kwa wote.

JINSI YA KULITAFUTA ENEO HILO KUTOKA KWENU

Shimo lenyewe halionekani kwa macho. Mahali pake panaonekana vizuri. Fuata haya:

1. Chagua miezi ya Juni, Julai na Agosti. Katikati ya Juni eneo hilo hufika juu kabisa mnamo saa sita usiku. Katikati ya Julai mnamo saa nne usiku. Katikati ya Agosti mnamo saa mbili usiku. Desemba usijisumbue, jua liko upande huo huo.

2. Chagua usiku usio na mwezi. Wanaosubiri mwezi mwandamo wa Ramadhani wanaijua kalenda hii: siku za mwisho wa mwezi wa Kiislamu na zile mbili tatu za mwanzo ndizo zenye giza zuri. Epuka pia siku ambazo moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda.

3. Usiende mbali. Ua wa nyumbani unatosha. Mahali penye mashaka ya usalama, fuata maelekezo ya wazee na viongozi wa mtaa, na usitoke peke yako. Anga lipo kesho pia.

4. Yape macho dakika 20 za kuzoea giza. Usiwashe simu. Ukihitaji tochi, ifunike kwa kitambaa chekundu.

5. Simama ukielekea kusini. Tafuta Nge: nyota zilizopangika kama nge, zikiwa na nyota nyekundu kifuani na mkia uliojikunja. Kushoto kwake utaona nyota nane zinazofanya umbo la birika la chai, mdomo wake ukielekea kulia.

6. Nyoosha mkono, weka vidole vitatu kulia kwa mdomo wa birika, juu kidogo. Hapo ndipo ilipo Sagittarius A*. Kutoka utosini ni ngumi mbili na nusu za mkono ulionyooshwa.

7. Kwa shimo la Cygnus X-1, lililochunguzwa na Uhuru, subiri Agosti au Septemba. Katikati ya Septemba mnamo saa mbili na nusu usiku, geukia kaskazini, tafuta msalaba mkubwa wa nyota uliosimama kichwa chini, nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Cygnus X-1 iko katika mkono wake mrefu, karibu na katikati ya mkono huo. Mwenye darubini ndogo ya mkono anaweza kuiona nyota inayozungukana na shimo hilo.

Onyo moja la lazima: usitazame jua kwa macho matupu wala kwa darubini, hata likiwa limepatwa. Jicho linaungua bila kuuma, na halirudi.

UVUMI WA KUSAHIHISHA

Shimo jeusi halinyonyi kila kitu. Kama jua lingebadilishwa sasa hivi likawekwa shimo jeusi lenye uzito ule ule, dunia ingeendelea kuzunguka katika njia yake. Tungeganda kwa baridi, lakini tusingemezwa.

Jua letu halitakuwa shimo jeusi. Halina uzito wa kutosha. Zinazoishia hivyo ni nyota nzito kuliko jua mara nyingi.

Hakuna shimo jeusi linalojulikana kuwa linaijia dunia. Lililo karibu zaidi kati ya yanayojulikana, Gaia BH1, liko umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi, na mwaka mmoja wa nuru ni kilomita trilioni 9.5.

Video inayoonyesha ndani ya shimo jeusi ni mchoro wa kompyuta. Nyingine zimechorwa kwa hesabu sahihi na zinafundisha vizuri, nyingine zimechorwa ili kutisha. Kabla ya kumtumia mwenzako, uliza: aliyeitengeneza ni nani, na alitumia hesabu gani? Hata rangi ya machungwa ya picha za mwaka 2019 na 2022 iliwekwa na wataalamu, kwa kuwa mawimbi ya redio hayana rangi kwa jicho la binadamu.

NENO KWA WALIMU NA WAZAZI

Katika darubini nane zilizofanya kazi ya kupiga picha zile za mashimo meusi mwaka 2017, hakuna hata moja iliyokuwa katika bara la Afrika, ilhali moyo wa galaksi unapita juu ya vichwa vyetu kuliko vya wengi. Mpango wa kujenga darubini ya namna hiyo Namibia upo. Itahitaji watu wa kuiendesha, na watu hao leo ni watoto wa shule.

Mwalimu wa Kasongo, mwalimu wa Kabambare: huna maabara, lakini una giza safi na anga lenye kitu ambacho miji mikubwa imekipoteza kwa wingi wa taa zake. Usiku mmoja wa Julai, kwa ruhusa ya wazazi, wakusanye wanafunzi katika ua ulio salama, waonyeshe birika na nge, uwaambie kilichopo kati yake. Mtoto akiuliza swali ambalo Kerr, Penrose na Einstein hawakulijibu, usimnyamazishe. Mwandikie swali lake daftarini, na umwambie kwamba bado linasubiri mtu wa kulijibu.